Lenzi Iliyopinda, Picha Iliyonyooka

Mpiga picha akipiga kwa lenzi ya Canon RF 24-240mm, ikiwa imerudishwa hadi milimita 24, kisha akaifungua picha ghafi kwa programu isiyofanya marekebisho yoyote, atadhani ameuziwa lenzi mbovu. Fremu za milango zimetuna kama ubavu wa pipa. Pembe nne za picha ni nyeusi tii, kana kwamba mtu alichungulia kupitia bomba. Picha hiyohiyo ikifunguliwa kwa programu ya Canon, milango inasimama wima na ule weusi hauonekani tena.

Lenzi hiyo ya mwaka 2019 haina ubovu. Iliundwa hivyo kwa makusudi.

Wapo wanaoliita jambo hili wizi: mtu analipia kioo, anapewa hesabu za kompyuta. Hasira yao inaeleweka, lakini imeelekezwa pasipo. Kila lenzi ni mapatano. Mbunifu akinyoosha mistari, rangi zinaachana kingoni. Akizirudisha rangi, picha inafifia pembeni. Mwisho anaongeza kipande kingine cha kioo, na kila kipande kina uzito na bei yake. Sasa baadhi ya kasoro hizo kompyuta inazimudu. Mstari uliopinda haujapotea, umehama tu, kwa hiyo unaweza kurudishwa mahali pake. Vivyo hivyo kivuli cha pembeni, na ule utepe mwembamba wa nyekundu na kijani unaozunguka makuti ya mnazi mbele ya anga jeupe. Lakini nukta ya mwanga iliyokwisha kutawanyika ikawa ukungu ni habari nyingine. Kuirudisha ni kazi ngumu, na mara nyingi ni kubahatisha. Ndiyo maana wabunifu wanaiachia programu ile mizigo mitatu, wao wakapambane na ukungu.

Faida yake inaonekana kwenye mizani. Lenzi ya zamani ya Canon ya 28-300mm ina gramu 1,670. Hii ya 24-240mm ina gramu 750. Ni kweli ile kubwa imejengwa kwa ugumu zaidi na inaingiza mwanga zaidi kidogo, hivyo si tofauti yote iliyoletwa na programu. Lakini shingo ya mtu anayezunguka ukumbini usiku kucha haiulizi sababu.

Mageuzi haya yasingeweza kushika kasi mapema, na kizuizi kilikuwa jicho. Kwenye kamera za SLR, zenye kioo cha kuakisi ndani, mpiga picha alitazama kupitia lenzi yenyewe, kwa hiyo mlango uliotuna aliuona papo hapo. Mwaka 2008 Panasonic ikatoa Lumix G1, kamera ya kwanza ya mfumo wa Micro Four Thirds. Kioo kikaondolewa, na kwenye tundu la kuchungulia kikawekwa kiskrini. Tangu hapo picha ikawa inanyooshwa kabla haijalifikia jicho, lenzi ikiipa kamera data ya marekebisho, na data hiyo ikihifadhiwa ndani ya picha ghafi. Kampuni nyingine zikafuata.

Gharama ipo, ila imejificha pembeni. Kunyoosha picha ni kuzivuta pembe zake kama unga wa chapati: pikseli chache zinatandazwa mahali pakubwa. Kivuli nacho kikiangazwa, chenga zinajitokeza. Mpiga picha wa nyota ataziona. Wa harusi pengine hatajali.

Wa harusi ana shida yake nyingine. Ukoo unapopangwa mstari mbele ya lenzi pana, wanaovutwa ni wale wa mwishoni: shangazi aliyesimama pembeni anatoka mnene kuliko alivyo, kichwa kimelala upande. Picha isiyonyooshwa, yenye ule mtuno wa pipa, humtendea haki zaidi. Fremu ya mlango nyuma yake itapinda, lakini nani anaangalia mlango siku ya harusi? Hapo mpiga picha angependa kuzima marekebisho, na hapo ndipo anapogundua kwamba kwa lenzi ya namna hii kamera haimruhusu: chaguo limewashwa, na limefungwa. Kampuni ina haki ya kuunda lenzi inayotegemea programu, lakini haina sababu ya kumnyima mnunuzi swichi. Weusi wa pembeni ataukata mwenyewe, na shangazi atabaki na uso wake.