Mvinyo wa Ulaya una somo kwa Rungwe: iuzwe ladha, si kilo

CHUPA ya mvinyo kutoka Ufaransa au Italia ina ujazo wa mililita 750 tu. Mkungu wa ndizi unaopakiwa kwenye lori pale Kiwira, wilayani Rungwe, humtoa jasho kijana mwenye nguvu zake. Hata hivyo, chupa hiyo inapofika kwenye rafu za maduka ya Mbeya au Dar es Salaam, mara nyingi huuzwa kwa bei ambayo mkulima wa Rungwe haioni hata akiuza mkungu mzima.

Wengi hudhani tofauti hiyo inatokana na zabibu kuwa tunda la thamani kuliko ndizi. Si kweli. Zabibu ikikosa mnunuzi kwa siku chache huoza kama tunda jingine lolote, na wakulima wa Dodoma wanalijua hilo kwa uchungu, maana yapo mavuno yao yaliyowahi kukosa soko.

Kinachouzwa ndani ya chupa ile ni ladha yenye jina la mahali ilikotoka. Ladha hiyo imezoeleka mezani pamoja na chakula cha watu wa huko, na mara nyingi na muziki wao pia. Hili ndilo somo ambalo wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Tukuyu wanapaswa kulichukua kutoka kwa mvinyo wa Ulaya, wawe wanywaji au la.

Jina la mahali ni mtaji

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa biashara ya mvinyo, msemo huo haukutosha. Wakulima wa Ulaya walikuwa na kizuri, na bado walikitembeza.

Mwaka 1716 mtawala wa Toscana, katika Italia ya leo, aliweka mipaka ya eneo ambalo mvinyo wake ungeweza kuitwa Chianti. Mwaka 1756 Ureno ikafanya hivyo kwa bonde la mto Douro, unakotoka mvinyo mtamu wa Porto. Ufaransa nayo iliunda chombo cha kitaifa cha kusimamia majina ya namna hiyo mwaka 1935. Matokeo yake ni kwamba leo mzalishaji wa nje ya Champagne haruhusiwi barani Ulaya kuandika jina hilo kwenye chupa yake, hata kama mvinyo wake unatoa povu zuri kuliko wa wenyewe.

Maana yake kwa mkulima ni rahisi. Jina la eneo likishajulikana, dalali hawezi kuchanganya mazao ya kila mahali na kuyauza kwa bei moja.

Lakini jina peke yake halitoshi. Mei 24, 1976 mjini Paris, waonjaji mashuhuri wa Kifaransa walipewa mvinyo bila kuambiwa ulikotoka. Walipomaliza kutoa alama, mvinyo wa California nchini Marekani ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza kwa mweupe na kwa mwekundu pia, ukiishinda mivinyo mikubwa ya Ufaransa. Tangu siku hiyo wakulima wa California walipata heshima ambayo hawakuwa nayo. Walioamua walitumia pua na ulimi, na lebo haikuwasaidia wala kuwapotosha.

Mkulima wa chai anajua tayari

Kuonja mvinyo hakuhitaji Kifaransa. Mwonjaji huangalia rangi, huzungusha glasi kidogo ili harufu ipande, hunusa, kisha huchukua funda dogo na kulizungusha mdomoni kabla ya kumeza au kutema. Anatafuta mambo machache: utamu, uchachu, ukali wa kilevi, harufu, na ule ukakasi unaokausha ulimi na fizi.

Ukakasi huo mkazi wa Rungwe anaujua tangu utotoni. Ndio ule ule ulioko kwenye chai ya rangi iliyokolea. Unaletwa na vitu viitwavyo tanini, ambavyo hupatikana katika jani la chai na pia katika maganda na mbegu za zabibu nyeusi. Chai ikitiwa maziwa ukakasi hupungua, kwa sababu protini ya maziwa hukamatana na tanini. Nyama hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa mvinyo mwekundu. Ndiyo maana Wazungu hunywa mwekundu pamoja na nyama, wala si kwa sababu ya maringo.

Kwa hiyo mtu wa Katumba au Mwakaleli, aliyekunywa chai ya maziwa maisha yake yote, anayo tayari nusu ya elimu ya kuoanisha mvinyo na chakula. Alichokosa ni kuambiwa kuwa hiyo ni elimu na kwamba ina soko.

Mbalaga, mbasa na glasi

Chukua mbalaga, ndizi za Kinyakyusa zilizopikwa kwa nyama ya ng'ombe, nyanya na kitunguu. Nyanya ina uchachu, na mvinyo usio na uchachu wa kutosha huonekana umepooza ukinywewa pamoja nayo. Chianti, unaotoka katika nchi inayopika kwa nyanya kila siku, huvaana vizuri na sufuria hiyo.

Mbasa wa Ziwa Nyasa, akiokwa na kukamuliwa ndimu, anataka mvinyo mweupe mkavu wenye uchachu, kama ile itokayo bonde la mto Loire nchini Ufaransa. Mwekundu wenye ukakasi mwingi ukikutana na samaki, mara nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni. Parachichi lenye chumvi na ndimu nalo huenda na mweupe huo huo, kwa kuwa uchachu hukata mafuta.

Penye pilipili, mkavu mwekundu huzidisha moto. Hapo afadhali mweupe wenye utamu kidogo na kilevi kidogo, kama baadhi ya Riesling za Ujerumani.

Hata hali ya hewa ya Tukuyu inasaidia. Mvinyo mwekundu hupendeza ukiwa na nyuzi joto kati ya 15 na 18 hivi. Dar es Salaam hilo ni kazi ya jokofu. Tukuyu, katika baridi ya Juni na Julai, ni kazi ya kabati.

Na si lazima kuanza na chupa ya Ulaya. Zabibu za Dodoma, ambazo wamisionari walizistawisha kwa ajili ya mvinyo wa ibada, zimekuwa zikitoa mvinyo mwekundu na mweupe kwa miongo mingi, na mizabibu huko huvunwa mara mbili kwa mwaka. Sheria ya ushuru wa bidhaa nayo imeupunguzia mzigo mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimetoka nchini. Mwenye grosari au mgahawa Tukuyu anaweza kuweka chupa ya Dodoma na ya Ulaya mezani, zote zimefunikwa kwa gazeti, na kuwaacha wateja waamue wenyewe kama walivyofanya wale wa Paris.

Muziki nao unauza

Jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui ni kwamba muziki huuza. Mwaka 1997 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika duka moja kubwa. Waliweka mvinyo wa Ufaransa na wa Ujerumani kwenye rafu, bei na utamu vikilingana, wakapiga muziki wa Kifaransa siku moja na wa Kijerumani siku inayofuata, kwa wiki mbili.

Siku za muziki wa Kifaransa, mvinyo wa Ufaransa uliuzika kwa wingi kuliko wa Ujerumani. Muziki ulipogeuka, na mauzo yaligeuka. Wateja wengi walipoulizwa hawakukiri kwamba muziki uliwagusa.

Mwenye duka la Tukuyu ajiulize ni bidhaa ya nani inayouzwa na muziki anaoupiga kutwa nzima. Rungwe haina njaa ya muziki. Ipo ling'oma ya Wanyakyusa, zipo kwaya za makanisa ambazo mizizi yake inarudi hadi wamisionari wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891, na Tukuyu imekuwa mwenyeji wa tamasha la ngoma za asili linalovuta vikundi kutoka mikoa mingine.

Wageni wanaokuja kuona Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu katika mto Kiwira na maporomoko ya Kaporogwe wana fedha na wana njaa. Wakifika mjini wakakuta chipsi na soda, walichokula ni kile kile wanachoweza kukila mji wowote. Sahani ya mbalaga, glasi moja, chai ya Rungwe baada ya chakula na ling'oma pembeni ni bidhaa isiyopatikana kwingine. Hiyo mgeni huilipia, na hurudi kuisimulia.

Ndizi na jani la chai

Hapa ndipo penye hoja yenyewe. Kampuni ya Banana Investments ya Arusha imekuwa ikitengeneza mvinyo wa ndizi na kuufunga kwenye chupa tangu miaka ya 1990. Rungwe, moja ya wilaya zinazolisha miji ndizi, imeendelea kupakia mikungu kwenye malori. Ndizi zinaondoka zikiwa mzigo usio na jina, na bei hupangwa na mwenye lori.

Chai nayo ni hivyo hivyo. Mkulima hulipwa kwa kilo ya majani mabichi. Lakini bei ya chai yenyewe hupangwa na ulimi: wanunuzi wa mnadani hutanguliza waonjaji, ambao hufyonza chai kwa kijiko kwa kelele na kutema, kama wanavyofanya wa mvinyo. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanyika Mombasa, na mnada wa chai wa Tanzania ulipoanza Dar es Salaam Novemba 2023, hatua moja ilisogea karibu. Hatua inayobaki ni ulimi wa mkulima mwenyewe.

Kipimo cha kimataifa cha kuonjea chai ni chepesi: gramu 2 za chai kwa mililita 100 za maji yanayochemka, kwa dakika 6. Kikundi cha wakulima chenye mizani ndogo na saa kinaweza kuonja chai iliyotokana na majani yaliyofika kiwandani mapema, na ile iliyotokana na majani yaliyoshindiliwa kwenye gunia na kuanza kuungua kwa joto. Mkulima akishaonja tofauti hiyo, hahitaji tena bwana shamba kumkumbusha majani mawili na chipukizi. Na akikaa mezani kudai bei, atakuwa anazungumza lugha ya mnunuzi.

Kwa mvinyo, chupa moja ikigawanywa kwa mililita 50 inatosha watu 15. Watu hao wakichangia chupa tatu, moja ya Ulaya, moja ya Dodoma na moja ya ndizi, wakafunika lebo na kupika chakula cha nyumbani, wamepata semina kwa gharama ndogo.

Wapo watakaosema kwamba wilaya yenye ada za shule za kulipa haina haja ya kuhimizwa pombe. Wana hoja, na wameona nyumba zilizobomolewa na chupa. Lakini kuonja si kulewa, na mwonjaji wa kazi hutema. Anayekatazwa na imani yake achukue kikombe cha chai, kahawa au kipande cha parachichi, na somo litabaki lile lile.

Wapo pia watakaokimbilia kupika mvinyo wa ndizi uani na kuujaza kwenye chupa za maji. Hao wanaharibu jina la Rungwe kabla halijazaliwa. Anayetaka kutengeneza aanzie SIDO kwa ushauri wa mitambo, apate alama ya ubora ya TBS na stempu ya kodi ya TRA. Anayetaka kuuza apate leseni ya vileo ya halmashauri.

Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao. Mvinyo wa Ulaya ni mgeni mwema mezani na hauna haja ya kufukuzwa. Aonjwe, asifiwe panapostahili, kisha aulizwe alifikaje kote huko akiwa na jina la kijiji chake shingoni. Ndizi na chai ya Rungwe vinaweza kusafiri hivyo hivyo. Kinachotakiwa ni mkulima kuanza kuionja jasho lake kabla halijapandishwa kwenye mizani ya mtu mwingine.