Koili Si Uchafu, Acha Kuificha

Wacha niseme moja kwa moja kabla mtu hajaanza kunitumia picha: kuhamisha koili za gari unayoendea kazi, eti ndio ukifungua boneti injini ionekane safi, ni upuzi. Si ujanja, si ufundi, si levo. Ni kulipa pesa ili gari yako ipate ugonjwa ambao haikuzaliwa nao.

Najua mtachemka. Tulieni tuongee.

Zile picha mmeziona. Boneti iko juu, injini imepakwa rangi, hakuna waya hata mmoja, hakuna koili, ni chuma tu kinang'aa kama sufuria ya harusi. Hapo chini watu wameandika "safi sana", "moto", "fundi ni nani?" Wiki ijayo vijana watatu wa mtaa wamefungua Subaru zao wanatafuta pa kuficha koili. Hakuna hata mmoja ameuliza kwa nini ziliwekwa pale.

Hii fasheni ina kwao. Wanaojulikana nayo sana ni Wamarekani wa injini za V8 za General Motors zinazoitwa LS. Ya kwanza, LS1, iliingia kwa Corvette ya 1997. GM waliweka koili nane, nne kila upande, wakazifunga juu ya vifuniko vya vali, kila moja na kiwaya chake kifupi cha kushuka kwa plagi. Wajenzi wa magari ya maonyesho hawakuipenda hiyo sura. Walikuwa wamezoea V8 za zamani za Chevrolet, vifuniko laini, vitupu, vinavyong'aa. Basi wakaanza kuzing'oa koili na kuzipeleka nyuma ya injini, ama kwa ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Siku hizi hadi vyuma vya kuzishikilia vinauzwa tayari.

Sawa, yao ni yao. Lakini angalia vitu viwili. Kwanza, kwa LS tayari kuna waya kati ya koili na plagi, kwa hivyo jamaa anaurefusha tu. Pili, gari ya maonyesho inaweza kubebwa kwa trela hadi uwanjani. Yako inapanda Mai Mahiu usiku na watoto wamelala nyuma.

Sasa njoo kwa gari zetu. Fungua Probox au Fielder yenye injini ya 1NZ. Kuna koili nne, kila moja imekaa juu ya plagi yake, imezama kwa shimo lake. Ukitaka kuihamisha lazima ubuni waya ambao Toyota hawakuuweka. Njoo kwa Subaru ya EJ20 yenye turbo. Hizo koili ziko chini ubavuni, kando ya vichwa vya injini, hata ukisimama mbele huzioni vizuri. Unamficha nani? Zile EJ zisizo na turbo, nyingi zina koili moja ya pamoja juu ya manifoldi, na nyaya nne za plagi. Hiyo ndiyo watu wanasukuma nyuma ya betri ndio picha itoke fiti.

Hapa ndipo ningependa watu wafikirie kidogo. Muulize baba yako kuhusu Datsun 1200 ama Peugeot 504 asubuhi ya mvua ya Aprili. Atakuambia vile walikuwa wanafungua boneti na kitambaa kikavu, wanapangusa kifuniko cha distributa na zile nyaya nene, ndio gari ikubali kuwaka. Koili ilikuwa moja, iko mbali, na umeme ulisafiri safari ndefu hadi ufike kwa plagi. Mfumo huo ulitokana na kazi ya Charles Kettering, ulioingia kwa Cadillac ya 1910. Tangu hapo, miaka mingi ya uinjinia imekuwa inavuta koili karibu na plagi: kwanza wakaondoa distributa, kisha koili zikasogea, mwishowe zikakalia plagi zenyewe. Wamefika. Halafu wewe na spana yako unairudisha gari kwa shida za babako, na unasema umeiboresha!

Koili inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha kupita volti 20,000, kwa sababu cheche lazima iruke pengo la plagi ndani ya hewa iliyobanwa. Hewa ikibanwa zaidi, kama kwa injini ya turbo, kuruka kunakuwa kugumu zaidi. Na si kazi ya mara moja. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda inahitaji cheche 50 kwa sekunde moja. Silinda nne, cheche 200. Kila sekunde.

Ukirefusha waya wa moto mkali, unaongeza ukinzani, na waya wenyewe unakula sehemu ya nguvu kabla haijafika. Unaongeza pia mahali pa kuvujia. Raba ya waya ikichoka au ikigusa chuma, umeme hautahangaika kuruka pengo la plagi, utaruka hapo kwa chuma, njia rahisi. Fungua boneti usiku gari kama hiyo ikiwa inanguruma, utaona vicheche vya buluu vinacheza. Watu wa Mombasa na hewa yenu yenye unyevu na chumvi, ninyi hata msijaribu. Wahenga walimaliza maneno: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Na hiyo ni nusu tu. Kuna nyaya za upande wa pili, zile nyembamba. Koili ya 1NZ ina nyaya nne: mmoja unaleta umeme, mmoja ni eathi, mmoja unaleta amri ya kompyuta, na mmoja unarudisha jibu kwamba kazi imefanyika. Kompyuta isipopata lile jibu inaweza kukata petroli. Sasa fundi anazikata zote, anaunga vipande, anafunga na tepu nyeusi. Joto la injini linayeyusha gundi ya tepu, vumbi linaingia, kiungo kinalegea. Ukiifunga koili kwa bodi, injini inatikisika kwa maunti zake lakini bodi imetulia, kwa hivyo nyaya zinavutwa kila ukikanyaga mafuta. Na kama eathi kati ya injini na bodi ni mbovu, utatafuta shida hadi nywele zing'oke.

Hapa ndipo inauma mfukoni. Gari ikiwa vile ilitoka kiwandani, ikianza kumisi hata fundi wa Mtito Andei anaweza kukusaidia. Anaweka mashine, anaona P0302, maanake silinda ya pili inamisi. Anachomoa koili ya pili, anaibadilishana na ya tatu. Misi ikihamia P0303, amejua koili imekufa. Dakika kumi, unatafutiwa nyingine, unaendelea na safari. Kwa ile gari yako ya picha, huyo fundi afanye nini? Ni koili? Ni waya mrefu? Ni kiungo ndani ya tepu? Ni eathi? Na nyaya zenyewe zimepitishwa chini ya zulia na nyuma ya heta ndio zisionekane. Umemficha mtu pekee aliyehitaji kuona. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo kinakuja na bredauni ya saa nane usiku.

Ukiendelea kuendesha ikimisi, petroli ambayo haikuungua inaenda kuungulia kwa katalisti, ile sehemu ya eksozi inayosafisha moshi. Katalisti inapata joto kupita kiasi na kuharibika. Taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima, gari inakuambia hivyo hasa. Na gari ikipoteza nguvu ukiwa katikati ya kupita lori Mombasa Road, hakuna mtu atakuuliza kama boneti yako ilikuwa inapendeza.

Kuna wale watasema, "Ni gari yangu, ni pesa yangu." Ni kweli, hadi siku ya kuiuza. Nani amewahi kuona tangazo limeandikwa "koili zimehamishwa, nyaya zimeungwa sehemu kumi na mbili"? Inauzwa "safi, haina shida yoyote". Anainunua mwalimu aliyechukua mkopo wa sacco, na hizo siri zako zinakuwa deni lake. Hiyo si pesa yako tena.

Nitakuwa mwaminifu, kuna mahali kuhamisha koili kuna maana. Kama umejenga gari ya mashindano, bomba la turbo linapita karibu na koili na joto linaziua, zitoe hapo. Kama unabadilisha injini na koili zinagonga kitu, zisogeze. Lakini hapo sababu ni joto ama nafasi. Na ifanywe kiume na kike: koili za aina inayofaa kutumia waya, nyaya zenye raba ya kuhimili joto, viunganishi vya kubana badala ya tepu, eathi fupi iliyofungwa kwa chuma kisafi, na mchoro unaobaki ndani ya gari. Fundi akikataa kukuchorea, mkatalie kazi.

Lakini ukitaka chumba safi cha injini, nani amekukataza? Anza na mafuta yanayovuja. Badilisha gasketi ya kifuniko cha vali na raba za mashimo ya plagi, kwa sababu mafuta yakijaa kwa yale mashimo yanaharibu raba za koili na gari inamisi. Rudisha zile klipu za nyaya ambazo kila fundi alitupa. Vika nyaya mifuko yake ya plastiki yenye mikunjo, zipange zifuate njia zake za kiwandani. Rudisha kile kifuniko cha plastiki kilichoachwa gereji. Badilisha vichwa vya betri vilivyoota ukungu. Na tafadhali, mwambie kijana wa kuosha gari asielekeze bomba la presha kwa koili. Kitambaa, brashi na subira vinatosha. Ukimaliza, injini itapendeza na kesho asubuhi itawaka. Zunguka Kirinyaga Road na hizo pesa za kuhamisha koili, uone kama hazitatosha gasketi, plagi mpya na chenji ya chai.

Sasa ninyi wenzangu wa video. Mnatuonyesha siku ya kwanza, taa zimepangwa, muziki umewekwa, injini inang'aa. Turudisheni kwa hiyo gari baada ya miezi sita ya mvua, vumbi na matuta. Tuonyesheni risiti. Tuonyesheni imewaka mara ngapi asubuhi ya baridi ya Limuru. Kama bado iko sawa, nitakuwa wa kwanza kusambaza. Lakini kama iliuzwa kimyakimya mwezi wa tatu, basi mliwauzia vijana hasara na mkaiita usafi.

Injini si sebule ya kupokelea wageni. Ni jikoni, na jikoni sufuria hukaa karibu na moto. Koili imekaa pale kwa sababu pale ndipo kazi iko. Ipanguse, ikague, ibadilishe ikichoka. Halafu funga boneti, uendeshe.