Tamko Kuhusu Watoto Walioshtuka Baada ya Tetemeko la Ardhi

Sisi walimu wa malezi na wauguzi wa Mkoa wa Katavi, tuliokutana mjini Mpanda, tunatamka kwamba mtoto aliyeanza kukojoa kitandani baada ya tetemeko la ardhi asichapwe.

Tunaanza na hilo kwa sababu fimbo ndiyo hutangulia. Ardhi ikitulia, wakubwa hukagua nyufa ukutani. Usiku huohuo mtoto wa miaka tisa, aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani, analowesha godoro. Mdogo wake hataki kuingia ndani. Lori likinguruma barabarani anamrukia mama. Kaka yao wa sekondari hasemi kitu, ila halali, na akiulizwa anafoka. Huo si utundu, wala si pepo. Ni mwili uliobaki ukingojea kishindo kingine, na mitetemo midogo inayofuata huuamsha upya. Kwa wengi hali hiyo hupungua ndani ya wiki chache.

Mkoa wetu umekaa juu ya Bonde la Ufa. Desemba 13, 1910, ukanda wa Rukwa ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4. Desemba 5, 2005 likaja la 6.8 katika Ziwa Tanganyika, saa tisa alasiri. La Bukoba, Septemba 10, 2016, nalo lilipiga saa tisa alasiri. Nafuu ni kwamba ilikuwa Jumamosi, kwani majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato yaliharibika hadi shule zikafungwa. Baada ya hapo tulisikia sana habari za saruji na mabati. Za usingizi wa watoto, kidogo mno.

Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2013 kwamba watoto wenye mshtuko huu wasipewe dawa za jamii ya dayazepamu. Mzazi anayefuata vidonge vya usingizi dukani aache. Mtoto asilazimishwe kusimulia. Akianza mwenyewe, asikilizwe. Alale karibu na mkubwa wake. Masomo yarudi mapema, hata chini ya mwembe. Walezi wa mabweni wakague magodoro faraghani, si mbele ya wanafunzi wengine.

Dalili zikipita mwezi mmoja, mtoto apelekwe hospitali. Anayesema hataki kuishi apelekwe leo hii.

Halmashauri zote za Katavi tunaziomba ziingize walimu wa malezi katika kamati za maafa. Namba ya Simu kwa Mtoto ni 116. Ibandikwe kwenye mlango wa kila darasa.