BWANA SHAMBA ANAZUNGUMZA: Mtoto Ameingia Kidato cha Kwanza

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuchuma kahawa iliyoiva. Mwezi huu naweka jembe chini kidogo. Nataka tuzungumze juu ya watoto wetu walioingia kidato cha kwanza mwezi Januari.

Utaniuliza, "Bwana Shamba, mambo ya shule yanakuhusu nini?" Yananihusu. Mche wa kahawa usipoutunza mwaka wa kwanza, usitegemee mavuno mazuri mwaka wa tatu. Mtoto naye ni hivyo hivyo.

Mwezi Machi nilikwenda kumtembelea mzee mmoja huku kwetu milimani. Analima kahawa, mahindi na maharage. Nilitaka kuona ngoro zake mpya. Ilikuwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Nikamkuta binti yake shambani anafunika nyasi kwa udongo.

"Shikamoo," akasema, huku anaangalia chini.

"Marahaba, mwanangu. Leo shule imefungwa?"

Akanyamaza. Baba yake akajibu:

"Shule haijafungwa, Bwana Shamba. Huyu ameshindwa. Darasa la saba alikuwa wa tatu. Sasa kila siku anarudi na sifuri. Naona akili zake zimekwisha. Afadhali anisaidie maharage."

Nikamwuliza binti mwenyewe. Akajibu kwa sauti ndogo:

"Sielewi mwalimu anasema nini. Nikisimama kujibu, wenzangu wananicheka."

AKILI HAIKUISHA, LUGHA IMEBADILIKA

Ndugu msomaji, jambo hili lazima tulielewe vizuri. Katika shule zetu za msingi za serikali watoto wanafundishwa kwa Kiswahili. Imekuwa hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kiingereza ni somo moja tu kati ya masomo mengine. Lakini mtoto akiingia sekondari, mambo yanageuka. Hisabati ni kwa Kiingereza. Biolojia ni kwa Kiingereza. Jiografia ni kwa Kiingereza. Linabaki somo la Kiswahili na mengine machache.

Watoto wetu wengi walianza kwa Kimatengo au Kinyasa nyumbani. Kiswahili ni lugha yao ya pili. Kiingereza ni ya tatu. Huo ni mzigo.

Binti yule anajua kazi ya mzizi. Ameona mizizi tangu alipoanza kutembea. Lakini mwalimu akiuliza kwa Kiingereza, hajui kama ameulizwa juu ya mzizi au juu ya mbuzi. Basi ananyamaza. Sisi tunasema hana akili.

Jambo hili si geni. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makwetta ilishauri kwamba shule za sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Ushauri huo haukutekelezwa. Watu wanabishana hadi leo. Lakini mtoto aliye darasani hawezi kungoja mabishano yaishe. Mtihani wake utakuja kwa Kiingereza.

MIMI NILIVISHWA KIBAO

Mimi mwenyewe niliingia kidato cha kwanza katika miaka ya 1990. Shuleni kwetu, mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni. Alitembea nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea, ndipo amvishe yeye.

Siku ya tatu nilivishwa mimi. Niliona haya sana. Kuanzia hapo nikaamua kutosema neno lo lote. Nilikaa kimya muhula mzima. Sikuvishwa kibao tena. Lakini Kiingereza nacho sikukipata, kwa sababu kimya hakimfundishi mtu lugha.

Nililipa deni hilo baadaye. Nilipokwenda chuo cha kilimo nilikuta vitabu vingi ni vya Kiingereza. Wenzangu walisoma kurasa kumi. Mimi nilisoma ukurasa mmoja, kamusi mkononi. Ndiyo maana sikutaka binti yule apite njia yangu.

Nikamwambia mzee, "Baba, twende shuleni tukamwone mwalimu." Alikataa kwanza. Kisha akavaa koti lake, tukaenda.

MASHARTI YA DARASA

Mwalimu wa Kiingereza ni kijana. Alitupokea vizuri. Ukutani mwa darasa alikuwa amebandika masharti sita. Aliyasoma moja moja na kutueleza kwa Kiswahili. Nayaandika hapa ili na wewe uyajue.

1. Fika kila siku, na fika mapema. Somo la leo limesimama juu ya somo la jana. Mtoto akikosa siku tatu, ya nne hataielewa.

2. Uwe na daftari la maneno. Kila siku ya shule mwanafunzi aandike maneno matano mapya, maana yake, na sentensi moja kwa kila neno. Maneno matano kwa siku ni maneno 25 kwa wiki. Kwa wiki kumi ni maneno 250.

3. Sema, hata kama utakosea. Kukosea hakuna adhabu. Kumcheka mwenzako kuna adhabu.

4. Kazi ya nyumbani ifanye mwenyewe. Wawili wakinakiliana, wote wawili wanapata sifuri.

5. Ukiugua, mzazi alete taarifa. Ukirudi, azima daftari la mwenzako ujaze yaliyopita.

6. Usipoelewa, uliza. Ukishindwa kuuliza kwa Kiingereza, uliza kwa Kiswahili. Kisha mwalimu atakusaidia kuligeuza swali lako, ulirudie kwa Kiingereza.

Niliposikia sharti la sita nilikumbuka kibao changu. Nikafurahi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema maneno ambayo wazazi wengi wanayo moyoni:

"Mwalimu, mimi kusoma nimejifunza ukubwani, katika darasa la watu wazima. Kiingereza sijui hata kidogo. Nitamsaidiaje?"

Mwalimu akamwuliza, "Baba, wewe ulijifunzaje kusoma?"

"Kwa kurudia rudia. Na mwalimu hakunicheka."

"Basi, baba, na wewe fanya hivyo hivyo kwa mtoto."

MZAZI ANAWEZA KUFANYA NINI?

Kwanza, mpe mtoto muda. Kazi za nyumbani ni lazima, lakini ziwe na kiasi. Binti akirudi shuleni akachota maji, akapika, akaosha vyombo, atasoma saa ngapi? Kaka yake naye ana mikono. Achote maji.

Pili, mpe mwanga. Taa ndogo ya jua ni nzuri kuliko koroboi, maana haina moshi wa kuumiza macho. Kama huna taa, mtoto asome kabla jua halijazama.

Tatu, msikilize. Kila jioni mwambie akusomee kwa sauti ukurasa mmoja. Huelewi? Si neno. Mwambie akueleze kwa Kiswahili ukurasa huo unasema nini. Akishindwa kueleza, naye hakuelewa. Hapo atajua cha kumwuliza mwalimu kesho.

Nne, kagua daftari la maneno. Huhitaji kujua Kiingereza ili kuhesabu mpaka tano. Kisha mwonyeshe jembe, jogoo, moto na mvua. Mwulize, "Hiki kwa Kiingereza ni nini?" Na usiogope lugha hiyo. Wewe mwenyewe unasema shati, blanketi, baiskeli, penseli na betri. Maneno hayo yametoka Kiingereza.

Tano, usimwondoe shuleni kwa sababu ya kazi. Huku milimani tunawashika watoto wakati wa ngoro na wakati wa kahawa. Kule ziwani, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, wapo watoto wanaokesha na wavuvi wa usipa. Asubuhi wanasinzia darasani. Mtoto anayesinzia hasikii Kiswahili wala Kiingereza.

Sita, nunua vifaa. Tangu mwaka 2016 hakuna ada katika kidato cha kwanza mpaka cha nne kwenye shule za serikali. Wengine wamedhani kazi ya mzazi imekwisha. Haikwisha. Madaftari, kalamu na sare ni juu yetu. Kamusi ni ghali kwa mtu mmoja. Wazazi watatu jirani wanaweza kuchanga wakanunua moja, watoto wakaitumia kwa zamu.

Tukumbuke pia kwamba muda ni mfupi. Mwishoni mwa kidato cha pili kuna upimaji wa taifa. Asiyefaulu haendelei kidato cha tatu. Mtoto anayeanza kujifunza Kiingereza mwezi mmoja kabla ya mtihani ni kama mkulima anayepanda mahindi mvua zikiisha.

BINTI YUKO WAPI SASA?

Mwezi Julai nilirudi kwa yule mzee. Ilikuwa Jumamosi, nao walikuwa wanachuma kahawa. Binti alinionyesha karatasi zake za Kiingereza. Mwezi Machi alipata alama 11 katika 100. Mtihani wa katikati ya mwaka alipata 34.

Ndugu msomaji, alama 34 si nyingi. Kazi bado ni kubwa, na upimaji wa kidato cha pili uko mbele. Lakini tangu Machi hajakosa shule hata siku moja. Na daftari lake la maneno limejaa, ameanza la pili. Kila ukurasa una alama ya vema chini. Nikamwuliza nani anasahihisha.

"Ni baba," akasema. "Anahesabu kama yametimia matano."

Mzee akacheka. Akanionyesha shamba lake la ngoro. "Bwana Shamba," akasema, "nyasi tulizofukia Machi huzioni tena. Lakini mahindi yatakayopandwa yatazikuta."

Mimi sina la kuongeza. Kama mtoto wako yuko kidato cha kwanza, jioni ya leo mwambie alete daftari lake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtoto aliyefanya vizuri darasa la saba anaweza kupata sifuri kidato cha kwanza?

2. Katika kijiji chetu, ni kazi gani zinawafanya watoto wakose shule? Ni miezi gani? Tufanye nini?

3. Je, wazazi watatu hapa wanaweza kuchanga na kununua kamusi moja? Nani ataitunza?

Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kupogoa mikahawa baada ya mavuno.