Talaka Yangu Kwenye Simu ya Wifi

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Ujiji kwa shughuli ya kifamilia. Jioni moja tumekaa barazani na shoga yangu tunachambua dagaa, simu yake ikaita. Wifi mtarajiwa. Hata salamu haikukamilika: "Hivi ni wewe yule uliyeachika mahakamani?"

Kumbe binti kaandika jina la shoga yangu kwenye intaneti, hukumu ikatoka nzima nzima. Nani alilala nje, nani alimpiga nani, nyumba ilijengwa kwa hela za nani. Hata yale ambayo mume wa zamani alidai na mahakama haikuyaamini, yamo! Na wifi, kama kawaida yetu wanadamu, kasoma madai akaishia hapo.

Yanafikaje huko? Ndoa nyingi huvunjwa mahakama ya mwanzo na faili linabaki kabatini. Lakini mkikatiana rufaa mpaka Mahakama Kuu, hukumu inaandikwa kwa majina yenu, na hukumu za mahakama za juu siku hizi huwekwa kwenye tovuti ya TanzLII. Bure, kwa yeyote.

Mimi ni mtu wa habari, napenda mafaili yawe wazi. Hakimu anayejua atasomwa huandika kwa uangalifu. Halafu kuna Bi Hawa Mohamed. Katika kesi yake na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ingekuwa hukumu ile imefungiwa, wake wangapi wangetoka mikono mitupu? Ila yeye mwenyewe, jamani, hoja ilishinda, mgao akakosa. Mahakama ilisema fedha alizopewa na mumewe alizitapanya. Hilo nalo linasomwa mpaka leo na kila mwanafunzi wa sheria, kwa jina lake kamili.

Sasa jina la nini? Afrika Kusini mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ilifuta marufuku ya kutangaza habari za kesi za talaka, lakini ikaamuru majina ya wanandoa na watoto yasitajwe bila ruhusa ya mahakama. Sheria inasomeka, mtu anasitirika. Kwetu Mahakama ya Watoto husikiliza kesi faragha. Kwa nini wanandoa wasiandikwe angalau kwa herufi? Najua, Ujiji herufi mbili zinatosha watu kukujua. Lakini wifi aliyeko Dar asingezipata kwa kuandika jina.

Shoga yangu hakulia. Alimaliza dagaa wake, akanawa mikono, akaniomba twende Mwanga kwa mwenye printa. Tukachapa kurasa zote. Akapiga mstari chini ya aya ya mwisho, ile ya mgao wa nyumba, akampelekea mama mkwe mtarajiwa mwenyewe, kwa mkono wake.

Mpaka naandika hivi, jibu bado.