Presha kwa vijana wa Kulamawe: Huenda chanzo ni tezi

Kijana wa miaka 28 akipatikana na shinikizo la damu huko Kulamawe, kituo cha wafugaji kilicho kwenye barabara ya kutoka Isiolo kuelekea Modogashe, huenda akaulizwa kwanza kuhusu chumvi na miraa. Maswali hayo yana msingi, ila hayatoshi. Kwa aliye chini ya umri wa miaka 40, uwezekano wa kuwapo chanzo mahususi ni mkubwa kuliko kwa mzee, na miongoni mwa vyanzo hivyo homoni zina nafasi kubwa.

Inayotajwa mno ni aldosteroni, itolewayo na tezi za adrenali zilizoketi juu ya figo. Kazi yake ni kuzuia chumvi isipotee mwilini, jambo la manufaa kwa aishiye penye joto na uhaba wa maji. Ikizidi kiasi, chumvi na maji hurundikana, presha hupanda, nayo madini ya potasiamu huishia kwenye mkojo hadi misuli ikalegea. Daktari Mmarekani Jerome Conn aliueleza ugonjwa huo mwaka 1955. Kwamba wengi hawajapimwa hadi leo si fumbo la sayansi bali ni suala la bajeti.

Upo pia uvimbe adimu umwagao adrenalini, ukaleta mapigo ya moyo ya kasi, jasho na maumivu ya kichwa kwa vipindi. (Si ajabu dalili hizo zikadhaniwa kuwa majini.)

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa Nigeria, Kenya na Afrika Kusini kwa wagonjwa ambao presha yao ilikataa kushuka. Miongoni mwa waliotibiwa kwa njia ya kawaida, asilimia 11 pekee walifanikiwa kuidhibiti. Miongoni mwa waliochaguliwa dawa baada ya kupimwa renini na aldosteroni, asilimia 50. Spironolaktoni na amiloridi, zilizotumiwa humo, ni dawa za zamani.

Mwaka 2025 chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, Endocrine Society, kilipendekeza kila mwenye presha apimwe aldosteroni. Kwa Kenya, ambako uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha yenyewe, hilo lingali mbali. Linalowezekana ni kuanza na wachache: kijana ambaye vidonge vya aina tatu havijamsaidia apewe rufaa hadi mjini Isiolo, na damu yake isafirishwe kwenye maabara kubwa. Tatizo likiwa katika tezi moja, upasuaji waweza kuiondoa na presha ikashuka. Likiwa katika zote mbili, tiba ni kidonge cha kila siku.