Boriti, mchanga na bahari: sisi tulio nje nasi tumo



Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia mazungumzo yetu juu ya mabadiliko ya tabianchi (zamani tukiita mabadiliko ya hali ya hewa, jina limebadilika lakini jua ni lile lile), na naona karibu sote tunaimba wimbo mmoja: wakubwa ndio waliochafua, basi wakubwa walipe. Na mimi nauimba wimbo huo, tena kwa sauti. Mtanzania wa kawaida hatoi hata nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta anayochoma. Ahadi ya dola bilioni 100 kwa mwaka iliyotolewa Copenhagen mwaka 2009, itimizwe ifikapo 2020, ilichelewa mpaka 2022. Dubai mwaka 2023 mfuko wa hasara na uharibifu ulifunguliwa siku ya kwanza ya mkutano, Imarati ikaahidi dola milioni 100 na Ujerumani kiasi hicho hicho, watu wakapiga makofi. Sina ugomvi na hayo.

Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe tulio huku nje, na naomba mnivumilie.

Mimi naishi Muscat. Siku niliyoshuka uwanja wa ndege wa Seeb na begi langu moja, niliacha kuwa yule Mpemba wa nusu tani. Huku mkaazi mmoja anapindukia tani kumi. Kiyoyozi kinawaka kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi, gari haizimwi hata mtu akiingia dukani kununua mkate. Kwa hiyo tunaposema "wao wachafuzi", tujiulize kwanza wao ni nani. Tena huku nako bahari imeshatupiga. Waliokuwepo Juni 2007 wanaikumbuka Gonu, mabonde makavu yakageuka mito na magari yakielea mbele ya macho yetu. Oktoba 2021 ikaja Shaheen, ikapiga Batinah, na wengi wetu tuna jamaa kule. Wenye kupenda historia watakumbuka kuwa na kwetu kimbunga si kigeni: kile cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote, Pemba ikanusurika, na ndipo karafuu ikahamia Pemba. Hidaya ya Mei 2024 iliyopita karibu na Mafia ilitukumbusha tu.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Nilipokwenda likizo mara ya mwisho nilikuta jamaa zangu wa kusini ya Pemba wameacha bonde la mpunga walilolima tangu enzi za bibi. Bamvua likija, maji ya chumvi yanaingia. Si wao peke yao, Kisiwa Panza hadithi hii inajulikana miaka mingi. Nikauliza, mikoko iliyokuwa mbele ya bonde imekwenda wapi? Binamu yangu akacheka. Akanionesha kwa kidole nyumba yangu.

Nilinyamaza. Nyumba ile nimeijenga kwa hawala za miaka minane, na kila mara fundi aliponipigia simu kuomba pesa ya "miti", nilituma bila ya kuuliza miti gani. Ilikuwa mikandaa na mikoko. Nguzo za kushikilia zege mpaka likauke, halafu zikagawiwa kuni. Mchanga ulichotwa ufukweni usiku, kwa gari ya ng'ombe, kwa sababu mchanga wa halali ni ghali na kibali kinachelewa. Chokaa ilitoka kwenye tanuu, yaani mawe ya matumbawe yaliyochomwa kwa kuni siku kadhaa. Sikuvunja sheria kwa mkono wangu, niliilipia tu.

Wala hili si jipya. Nyumba za kale za Ghuba, kuanzia Muscat mpaka Kuwait, ziliezekwa kwa boriti zilizopakiwa majahazini kutoka Lamu, Rufiji na kwengineko pwani yetu, na upana wa vyumba vyao ulikwenda na urefu wa boriti zetu. Tofauti ni kwamba siku hizi msitu ni mdogo, watu ni wengi, na anayeagiza boriti ni mtoto wa pale pale.

Tusidanganyane: pesa ya walio nje ndiyo inayojenga sehemu kubwa ya nyumba mpya ninazoziona vijijini, na nyingi zinakaa zimefungwa miezi kumi na moja kwa mwaka. Serikali inaweza kupanga walinzi wa misitu, na inapaswa kufanya hivyo kwa nguvu zaidi, maana mara nyingi mtu aliyekata mti mmoja hukamatwa na aliyepakia gari nzima hupita. Lakini mlinzi wa msitu hawezi kushindana na hawala ya kila mwezi. Anayeweza kumzuia fundi ni anayemlipa.

Kuna mfano wa nyumbani ambao naona hatuusemi vya kutosha. Misali, kile kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alikifanya mswala wake. Kilifanywa hifadhi mwaka 1998. Wavuvi walikuwa na mchezo wa baruti na nyavu haribifu, na sheria za kizungu hazikuwaingia, wengine wakiona ni njama ya kuwanyang'anya bahari kwa ajili ya watalii. Kilichosaidia ni masheikh kukaa na wavuvi na kuzungumza nao kwa Qur'ani: mwanadamu ni khalifa, kapewa amana, na mizani isipotoshwe. Baruti ilimwambia mvuvi jambo moja, imamu wake akamwambia jengine, na wengi walimsikiliza imamu. Jirani zetu wa Gazi, Kwale, nao tangu 2013 wanalinda zaidi ya hekta mia moja za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, pesa ikaenda kwenye maji ya bomba na vitabu vya skuli. Si pesa nyingi, lakini kila mwanakijiji anaiona.

Wenye hoteli nao wasijifiche nyuma ya vibao vya "tumia taulo mara mbili". Wao wakizungusha ukuta mpaka kwenye mchanga, bahari inahamia kwa jirani.

Kuhusu akina mama wa mwani, hapa roho yangu inauma. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Paje na Jambiani, na baadaye Pemba, mwani umewapa wanawake pesa ambayo hawakuhitaji kumuomba mume. Aina ya kottonii ndiyo yenye bei, nayo ndiyo isiyostahimili maji ya moto. Maji ya kina kifupi yamezidi joto, mwani unageuka mweupe na kukatika. Wanaambiwa wahamie maji ya kina. Sawa, lakini wengi wao hawajui kuogelea na hawana boti. Jumuiya zetu za huku tunazochangia harusi na mazishi zingeweza kununua boti mbili tatu na kumlipa mwalimu wa kuogelea. Gharama yake haifiki karamu moja ya Idi tunayofanya hotelini.

Na upandaji wa mikoko kwa fulana na kofia, picha zikapigwa, miche ikatiwa kwenye matope yasiyo yake na baada ya mwezi hakuna hata mmoja, naomba tuuache. Wazee wa kila kijiji wanajua mchu unasimama wapi na mkandaa wapi. Waulizwe wao kabla ya mgeni rasmi.

Mimi nimeanza na langu. Ukuta wa uwani uliobaki nimemwambia fundi atumie nguzo za mivinje ya kupandwa, na mchanga wenye risiti. Gharama imepanda, na fundi ananiona nimeingiwa na wazimu wa Kizungu. Pia nataka kuweka umeme wa jua juu ya paa, kwa sababu sijasahau miezi karibu mitatu ya kiza Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika na mji mzima ukanguruma majenereta.

Kikao cha jumuiya yetu ni baada ya Idi. Nitapendekeza kwamba anayetaka mchango au mkopo wa ujenzi kutoka kwenye mfuko wetu alete kwanza risiti ya mchanga na ya miti. Najua atakayesimama wa mwanzo kunipinga ni mjomba wangu, ambaye ghorofa yake ya pili bado inasubiri zege.